Madarasa ya watoto "wenye vipawa" Marekani: ugomvi uko wapi hasa?

Kila baada ya muda stori hii inarudi. Mwaka 2021 meya wa New York wa wakati huo, Bill de Blasio, alitangaza kwamba anafuta madarasa ya watoto wenye vipawa kwenye shule za msingi za umma. Mwaka uliofuata akaingia Eric Adams, akasema hayafutwi ng'o, tena anaongeza nafasi. Mwaka 2025 Zohran Mamdani akiwa kwenye kampeni ya umeya akasema kwa upande wa chekechea, yaani watoto wa miaka mitano, utaratibu huu yeye atauondoa, na uchaguzi akashinda. Kila ikitokea hivi mitandao inawaka, huyu anasema mnawaadhibu watoto wenye akili kisa wengine hawana, yule anasema hayo madarasa ni ubaguzi wa rangi uliovaa suti, na msomaji wa kawaida anabaki anajiuliza, kwani kuna ubaya gani mtoto mwenye akili akisoma na wenye akili wenzake?

Swali zuri tu, ila ndani yake kuna maswali matatu yamefungwa kamba moja na ndo maana watu wanabishana hawafiki popote. La kwanza, huyo mwenye akili kapatikanaje? La pili, akishaingia anapewa nini ambacho wengine hawapati? La tatu, wale waliobaki nje inakuwaje kwao? Mtu anaweza akakubali kabisa kwamba watoto hawalingani uwezo na bado akaona mlango wa kuingilia umejengwa vibaya. Mimi niko kundi hilo, nasema mapema.

Tuweke maneno sawa kwanza. Shule ya umma Marekani ni ile ya bure, inayolipiwa na kodi, na sehemu kubwa ya hiyo kodi inatoka kwenye nyumba na viwanja vya watu wa eneo lile lile. Shule hizi zinaendeshwa na wilaya za elimu, ziko kama 13,000 nchi nzima, na kila moja ina bodi yake na mambo yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "Marekani wanafanya hivi" kuhusu shule, muulize wilaya gani.

Na huyo mwenye kipawa ni nani? Sheria ya taifa iliyopitishwa 1988, inaitwa sheria ya Javits, inamwelezea kama mtoto anayeonyesha uwezo mkubwa kwenye mambo ya akili, ubunifu, sanaa, uongozi au somo fulani, na anayehitaji huduma ambazo shule kwa kawaida haizitoi. Maneno mazuri, mapana, lakini sheria hiyo hailazimishi wilaya yoyote kufanya chochote. Kila jimbo linaamua lenyewe, mengine yanaamuru, mengine yanaachia wilaya. Matokeo yake mtoto anaweza kuwa "mwenye kipawa" huku, familia ikahama ikavuka mpaka wa wilaya, kufika kule akawa mwanafunzi wa kawaida, akili ile ile, begi lile lile. Hii peke yake ingetosha kutufanya tulitumie hilo neno kwa tahadhari. Watoto zaidi ya milioni 3 wamepewa hiyo lebo, na kilichofanya waipewe hakifanani.

Anachopewa huyo mtoto nacho hakifanani. Sehemu nyingi ni kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani, mtoto anatolewa darasani saa moja au mbili kwa wiki, anakwenda chumba kingine kufanya mafumbo na miradi na mwalimu maalum, halafu anarudi. Kwingine anarushwa, yuko darasa la tatu ila hesabu anasoma na la nne. Kwingine kuna darasa zima limetengwa ndani ya shule ya kawaida, na kwingine kuna shule nzima. New York wanayo hayo mawili ya mwisho, na ndo maana vita vya New York ni vikali hivyo, kwa sababu kule kuingia au kutoingia kunaamua mtoto wako atakaa na nani kutwa nzima kuanzia miaka mitano.

Hapo hapo nitoe mkanganyiko mmoja. New York kuna pia zile sekondari nane za mtihani, kama Stuyvesant na Bronx Science, ambazo mtoto anaingia kwa alama za mtihani mmoja akiwa mkubwa kidogo, na utaratibu wa baadhi yake umelindwa na sheria ya jimbo ya 1971. Hiyo ni kesi nyingine. Ndiko ilikotoka ile takwimu iliyosambaa sana ya mwaka 2019, kwamba Stuyvesant ilitoa nafasi 895 na wanafunzi weusi walikuwa 7. Ugomvi unafanana, ila meya hawezi kuzigusa zile kwa kalamu kama anavyoweza kwa chekechea, kwa hiyo ukiona mtu anachanganya hizo mbili kwenye hoja moja, mrudishe taratibu.

Sasa tuje kwenye mlango, maana hapa ndo pazito.

Kwa miaka zaidi ya kumi, mtoto wa New York alikuwa anapimwa akiwa na miaka minne. Minne! Mzazi kwanza ilibidi ajue kwamba kitu hicho kipo, ajaze ombi la kupimwa miezi kadhaa kabla, halafu siku ikifika ampeleke. Mtoto anaingia chumbani na mtu mzima asiyemjua, mzazi anabaki nje. Anaonyeshwa mchoro wenye maumbo na rangi, kuna kipande kimekosekana, pale chini kuna vipande vitano, aonyeshe kwa kidole kipi kinaziba pengo. Kisha mwingine, kisha mwingine. Maswali mengine anasomewa, na yeye anachagua picha. Sasa mtoto wa miaka minne unamjua mwenyewe, akiwa na usingizi, akiwa na haja ndogo anaona aibu kusema, akiwa ameamua tu leo hataki kuongea na huyu mama, hapo kipawa hakina mtu wa kukitetea.

Alama zake zikitoka zinageuzwa kuwa nafasi, na hapa watu wengi wanaelewa vibaya. Ukisikia mtoto yuko nafasi ya 90, haina maana kapata 90 kati ya 100. Wapange watoto 100 wenye umri wake kwa mstari, kuanzia aliyepata kidogo mpaka aliyepata sana, yeye kawapita kama 90. New York walisema ukifika 90 unaweza kuomba darasa maalum la wilaya yako ndogo ndani ya jiji, ukifika 97 unaweza kuomba zile shule chache zinazochukua watoto wa jiji zima. Ila nafasi za jiji zima zilikuwa chache kiasi kwamba walioingia kwa kweli ni wale wa 99, wa 97 wengi waliambiwa asante. Na huko juu kabisa ya mstari watoto wamebanana, swali moja au mawili yanakutoa 99 yanakuweka 96. Kwa hiyo maisha ya shule ya mtoto mpaka darasa la tano yameamuliwa na vipande viwili vya michoro alivyovikosea akiwa na miaka minne. Wataalamu wa upimaji wamesema siku nyingi kwamba alama za umri huo zinayumba, ukimpima tena baada ya miaka michache wengi hawapo pale ulipowaacha, wengine wamepanda, wengine wameshuka, na hakuna aliyelogwa, ndo watoto wanavyokua.

Na biashara ikaingia. Kukawa na kampuni za tuisheni ya watoto wa miaka mitatu na minne, vitabu vya mazoezi, testi za majaribio, mwalimu wa nyumbani. Mtihani ulikuwa umewekwa ili upime kitu alichozaliwa nacho mtoto, ukaishia kupima pia nani nyumbani kwao wana hela na muda na taarifa. Mtu anasema "lakini mtihani ni ule ule kwa wote". Ni kweli, ule ule, ila mmoja kaufanya mara kumi na tano nyumbani na mwingine leo ndo anauona.

Ajabu ni kwamba huo mtihani mmoja wa jiji zima uliletwa kwa nia ya haki. Kabla ya hapo kila wilaya ndogo ndani ya New York ilikuwa na vigezo vyake, ukaribu na mwalimu mkuu ukasaidia, kujuana kukasaidia. Mwaka 2008 wakasema basi, kipimo kimoja kwa wote, hakuna cha mtoto wa nani. Kilichotokea ni kwamba kwenye baadhi ya wilaya za Bronx na Brooklyn wenye kipato kidogo, watoto waliofikisha alama hawakutosha hata kufungua darasa moja, kukawa na wilaya nne hazina hata darasa moja la aina hiyo. Ina maana wilaya nzima, maelfu ya watoto, haina hata ishirini wenye kipawa? Hakuna mtu mwenye akili timamu anaamini hivyo. Mwaka 2016 ikabidi wafungue madarasa kwenye wilaya hizo hizo nne, safari hii yakianzia darasa la tatu na bila ule mtihani, kwa kuangalia kazi za mtoto na walimu wanasemaje, na watoto wakapatikana.

Mpaka 2021 hali ilikuwa hivi: chekechea inapokea watoto kama 65,000 kwa mwaka, nafasi za madarasa maalum ni kama 2,500, na kwenye madarasa hayo ya shule za msingi kwa ujumla kama robo tatu ya wanafunzi ni wazungu na wa asili ya Asia, wakati shule za jiji kwa jumla wengi ni weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ndo pale de Blasio alipotoka na tangazo lake.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa ajili ya hao wa asili ya Asia, kwa sababu kwenye hii stori wanatupwa kwenye kapu moja na wazungu matajiri na si haki. Familia nyingi za Kiasia New York ni wahamiaji wa kipato cha chini, mama yuko jikoni mgahawani, baba anaendesha teksi, hela ya tuisheni wameichanga kwa jasho sababu kwao mtihani ndo ngazi pekee isiyouliza wewe unamjua nani. Ukiwaambia ngazi inaondolewa, wanakuuliza badala yake mnaweka nini, na jibu likiwa ni "tutatafakari", usishangae wakiandamana. Hoja yao ina uzito na wanaotaka mageuzi mara nyingi wanairuka.

Basi kama mtihani una kasoro, si tuwaachie walimu wachague? Walimu wanakaa na mtoto mwaka mzima. Inaonekana jibu la akili, ila nalo lina tundu. Jason Grissom na Christopher Redding walichapisha utafiti 2016 wakitumia takwimu za taifa za watoto wa shule za msingi, wakakuta kwamba mtoto mweusi mwenye alama zile zile za mtihani kama za mtoto wa kizungu alikuwa na nafasi kama nusu tu ya kuwekwa kwenye programu za vipawa. Alama zile zile. Na walipoangalia mtoto mweusi aliyefundishwa na mwalimu mweusi, hilo pengo likawa linaziba kwa kiasi kikubwa. Sio lazima mwalimu awe mbaguzi wa kukusudia, wengi wangekasirika ukiwaambia hivyo. Ni kwamba kichwani tuna picha ya mtoto mwenye akili anafananaje, anaongea vipi, anatulia vipi kwenye kiti, na mtoto asiyefanana na hiyo picha anaitwa msumbufu kabla hajaitwa mwerevu.

Kosa hili lina umri wa miaka mia. Lewis Terman, profesa wa Stanford, mwaka 1921 alianza kuwatafuta watoto wenye akili sana California ili awafuatilie maisha yao yote. Alianza kwa kuwauliza walimu nani wapimwe, halafu akawapa kipimo cha akili kinachoitwa IQ. Akapata zaidi ya 1,500. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kupata tuzo ya Nobel. Ila kuna wawili waliopimwa wakati huo wakaambiwa hawajafikisha, William Shockley na Luis Alvarez, na wote wawili wakaja kupata Nobel ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968. Huyo Terman pia alikuwa mshabiki wa yale mawazo kwamba kuna watu wanaofaa kuzaliana na wasiofaa, na hii ni sehemu ya sababu watu weusi Marekani wakisikia mtu anapima akili za watoto mikono yao inaenda mfukoni kushika pochi.

Na kuna sababu ya karibu zaidi. Mahakama kuu ilipiga marufuku utenganisho wa rangi kwenye shule 1954. Baada ya hapo kukawa na wilaya zilizochanganya watoto kwenye jengo na kuwatenganisha tena madarasani, hili la "wenye uwezo", lile la "wa kawaida", na rangi zikajipanga zenyewe. Washington DC mpango wao ulifika mahakamani na mwaka 1967 jaji Skelly Wright akaamuru ufutwe. Kwa hiyo mzazi mweusi akiwa na wasiwasi na darasa maalum hatoi wasiwasi hewani, bibi yake alishaliona.

Sawa, mtihani una tundu, mwalimu ana tundu, tufanyeje? Mfano ninaoupenda ni wa wilaya ya Broward, Florida, sababu ni rahisi mpaka inakera. Zamani Broward walikuwa wanasubiri mwalimu au mzazi amtaje mtoto ndipo apimwe. Fikiria kliniki inayopima uzito watoto wale tu ambao mama zao wamekuja kuomba, halafu mwisho wa mwezi inatoa ripoti kwamba utapiamlo upo mitaa fulani tu. Mwaka 2005 wakabadilisha, wakasema watoto wote wa darasa la pili wapewe testi fupi isiyo ya lugha, ya maumbo tu, na atakayevuka kiwango anapelekwa kwa mwanasaikolojia wa wilaya bure apimwe kamili. Wachumi David Card na Laura Giuliano wakafuatilia matokeo. Walatino walioingia kwenye programu wakaongezeka kwa asilimia kama 130, weusi kwa asilimia kama 80. Watoto hao walikuwepo siku zote, wamekaa pale pale kwenye viti vyao, hakuna aliyewataja.

Kusema kweli kuna kitu kingine kwenye Broward ambacho wapinzani wanakitaja na ni sawa wakitaje. Watoto wa familia za kipato cha chini na wanaojifunza Kiingereza walikuwa na kiwango tofauti, 116 badala ya 130 kwenye IQ. Mtu anasema huo si upendeleo? Jibu linategemea unadhani namba ile inapima nini. Kama unaamini inapima akili tupu, ni upendeleo. Kama unaamini namba hiyo imebeba na vitabu vya nyumbani, na lugha, na usingizi wa kutosha, basi mtoto aliyefika 116 bila hivyo vyote kakimbia mbali. Kipimo chenyewe hakikwambii ipi kati ya hizo mbili ni kweli, unaamua wewe.

Halafu bajeti ikabanwa wakati wa mdororo wa uchumi, ule upimaji wa wote ukakatwa, na tofauti za rangi zikarudi pale zilipokuwa. Hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kuwabagua watoto wa Broward. Walikata tu mstari mmoja wa bajeti.

Tuache mlango, tuingie ndani. Je, hayo madarasa yanasaidia? Ukimsikiliza mzazi ambaye mtoto wake yumo utadhani ni maji ya uzima. Tafiti zenyewe zinasema yanasaidia kidogo kwa wastani, na sana kwa baadhi. Hao hao Card na Giuliano waliangalia kitu kingine Broward: kila shule yenye hata mtoto mmoja mwenye lebo ilibidi ifungue darasa la pekee, na viti vilivyobaki vikajazwa na watoto wengine waliofanya vizuri darasani ingawa IQ haikufika. Waliofaidika zaidi ni hao wajaza viti, hasa weusi na Walatino, alama zao zilipanda kwelikweli, na wale wenye lebo ya IQ hawakupanda sana. Na waliobaki kwenye madarasa ya kawaida hawakuonekana kushuka. Soma tena hiyo, maana inawavuruga wote. Wale wa "futa yote" wanaambiwa darasa maalum linaweza kumwinua mtoto mweusi anayejituma. Wale wa "kipawa ni cha kuzaliwa" wanaambiwa aliyefaidika ni yule asiyekuwa na kipawa kwa hesabu zenu. Hiyo ni wilaya moja bila shaka, na darasa la saa moja kwa wiki lisitegemewe kufanya maajabu hayo.

Kuna imani nyingine mbili zinazozunguka sana. Moja, kwamba mtoto mwenye akili atajitegemea, mwache tu. Wengine wanajitegemea kweli. Wengine wanachoka, wanaanza utundu, wanaacha kujitahidi sababu hawajawahi kupewa kitu kigumu, na siku kigumu kikija wanaanguka kishindo. Na wapo wenye uwezo mkubwa upande mmoja na shida upande mwingine, mtoto anatatua hesabu za kaka yake lakini kusoma kunamtesa, au ana usonji, huyu shule ya kawaida inamwona shida tu haimwoni uwezo.

Imani ya pili ni kwamba ukifuta ya juu, wa chini watapanda. San Francisco walijaribu kitu cha karibu na hicho. Mwaka 2014 waliondoa aljebra darasa la nane, wote waisome la tisa, ili mtoto asiachwe nyuma mapema. Wazazi wenye uwezo wakalipia kozi za likizo na za mtandaoni nje ya shule. Watafiti wa Stanford walipoangalia 2023 wakakuta tofauti kubwa za rangi kwenye hesabu za juu bado zipo. Machi 2024 wakazi wakapiga kura, zaidi ya asilimia 80 wakataka aljebra irudi. Si kwamba nia ilikuwa mbaya. Ukiondoa ngazi ya umma, mwenye hela ananunua ya kwake, na aliyekuwa anaitegemea ile ya bure ndo anabaki chini, huyo huyo uliyetaka kumsaidia.

Na si Marekani peke yao wanaohangaika. Singapore, ambao hakuna mtu anaweza kuwaambia hawapendi mitihani, wamekuwa na programu ya vipawa tangu 1984 ikichukua kama asilimia 1 ya juu wakiwa darasa la tatu na kuwapeleka shule chache. Agosti 2024 waziri mkuu wao Lawrence Wong alitangaza kwamba kwa mfumo ule inaachwa, kila shule ya msingi iwe na programu yake ya watoto wenye uwezo wa juu, na wapatikane wengi zaidi.

New York wenyewe sasa hivi wako katikati ya njia. Ule mtihani wa miaka minne ulikufa mwanzoni mwa 2021 baada ya jopo la elimu la jiji kukataa kuongeza mkataba. Badala yake mwalimu aliyemfundisha kabla ya chekechea anampendekeza mtoto, kisha inapigwa bahati nasibu, sababu wanaopendekezwa ni wengi kuliko nafasi. Weusi na Walatino wanaopata nafasi wameongezeka. Wengine wanacheka, wanasema kipawa cha bahati nasibu ni kipawa gani, na kicheko hicho nakielewa, ila mimi naona bahati nasibu imekuwa mkweli kuliko mtihani. Inakiri kwamba kwa umri huo hatujui nani ni nani. Swali linalofuata ambalo hawaliulizi kwa sauti ni kwamba kama hatujui, kwa nini tunawatenganisha wakiwa na miaka mitano?

Ndo maana upande wangu mimi naegemea darasa la tatu. Adams alipoongeza nafasi 2022, chekechea aliongeza 100 tu, darasa la tatu 1,000, na wanaoalikwa kuomba ni asilimia 10 ya juu ya kila shule kwa kazi zao za darasa la pili. Zingatia hilo la kila shule. Mtoto analinganishwa na wenzake wanaokaa mazingira yake, hashindanishwi na mtoto wa mtaa wa matajiri mwenye mwalimu wa nyumbani. Kama ni wa juu pale alipo, maana yake pale alipo anahitaji zaidi ya anachopewa, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye sheria tangu 1988. Mamdani naye aliposema anaondoa ya chekechea hakusema anafuta darasa la tatu, ingawa vichwa vya habari vingi vilisomeka kana kwamba anafagia kila kitu.

Kama una mtoto kwenye shule za kule, au ndugu yako anaye, usisubiri kuambiwa, maana tumeona yanayowapata wanaosubiri. Andika kwa maandishi, si kwa mdomo getini, uliza wilaya inapima watoto wote au wanaoombewa tu, wanapima darasa la ngapi, kipimo ni cha lugha au cha maumbo, na kama matokeo yake yanaweza kukatiwa rufaa. Kama Kiingereza bado kinamsumbua, uliza kama kuna kipimo tofauti kwa wanaojifunza lugha. Na omba mkalimani kwenye kikao, usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri habari zake.

Halafu uliza na hili, akikosa nafasi atapewa nini kwenye darasa lake hilo hilo.